Picha ya Kichwa Changu

Jumatatu, 6 Mei 2024. Hamugembe, Bukoba

Saa hizi ningekuwa mbele ya Kidato cha Tatu na chaki mkononi. Badala yake nimeshinda kitandani nikitazama migomba ya jirani ikipigwa na mvua. Mkuu wa shule amenipa likizo ya ugonjwa. Aliniambia, "Mwalimu Sospeter, nenda kapumzike, baiolojia haihami." Nilitaka kucheka, uso ukakataa.

Ugonjwa wenyewe ni sonona. Nimewahi kuutaja darasani, sentensi moja, tukaendelea na mada nyingine. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuliona shati lake kwenye kiti akakosa nguvu ya kunyoosha mkono.

Eufrazia, mke wangu, alifunga mapema duka lake la vitenge kule Miembeni akarudi. Alinikuta palepale aliponiacha asubuhi. Hakunilaumu. Alichemsha maji, akaninawisha uso, akanilisha uji. Bila huyu mwanamke ningekuwa nimeshakwisha.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Sikulala.

Jumanne, 14 Mei. Mwanza

Tumesafirishwa na watu wa utafiti wa sonona. Wanapiga picha ya ubongo wa mgonjwa kabla hajaanza dawa, kisha wanafuatilia nani amepona kwa dawa gani. Wanataka siku moja waweze kumtazama mtu na kujua mapema ni dawa ipi itamfaa. Kama mwalimu nilipaswa kuvutiwa. Nililala tu ndani ya lile bomba la mashine ya picha, likinigongea masikioni kama mafundi wanaoezeka bati, nikawaza kwamba wakinisahau humu sitadai.

Nilipotoka nilimkuta Eufrazia amekaa na viatu vyangu mapajani.

Alhamisi, 23 Mei

Niandike ya leo yote, maana najua nitayasahau.

Daktari Annastella, anayenitibu hapa Bukoba, alituita kutusomea majibu. Tulikuwa watatu tu chumbani: yeye, mimi na Eufrazia. Akageuza kompyuta tuone. Nimechora ubongo ubaoni mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, lakini wa kwangu mwenyewe sikuwa nimeuona. Wa kijivu, umejikunja kama matumbo ya mbuzi buchani.

"Hapa ndani," akaonyesha kwa kalamu, "kuna sehemu inaitwa hipokampasi. Ipo moja kila upande. Inahusika na kumbukumbu, na hisia pia. Ya kwako, Mwalimu, ni ndogo kidogo kuliko wastani wa watu wa umri wako."

Eufrazia akauliza, "Imepungua?"

"Sijui kama imepungua au ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Sina picha ya zamani ya kulinganisha. Tafiti zinaonyesha kwamba wenye ndogo, kwa ujumla, hupata nafuu kwa shida zaidi na dawa za sonona. Kwa ujumla, mama. Mtu mmoja mmoja, picha hii haiwezi kumtabiria. Wapo wengi wenye picha kama hii waliopona kabisa."

"Na akili zake?"

"Akili zake ziko salama. Hii si picha ya wazimu."

Akanipa fluoksetini, nimeze kila asubuhi, akasema inahitaji wiki kadhaa, tusikate tamaa.

Tulipotoka tukapitia Miembeni. Eufrazia aliniweka kwenye kiti ndani ya duka lake, akasema anakwenda kununua sabuni. Alichelewa sana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sabuni hakuwa nayo. Nikajiambia, maskini, ameenda kulia mahali nisipomwona. Nilimpenda kwa hilo kiasi kwamba niliumia kifuani.

Ijumaa, 24 Mei

Kidonge cha kwanza. Hakuna.

Jumapili, 2 Juni. Buganguzi

Eufrazia amenileta nyumbani kwa mama, nikae msimu wa kahawa. Anasema hewa ya huku na watu wa kwetu vitanisaidia, naye ataweza kufungua duka. Tangu Tata, baba yetu, afariki, kibanja hiki cha migomba na kahawa ni changu kwa wosia. Mimi ndiye omusika, mrithi wake. Lakini anayekaa hapa na kukilima ni mdogo wangu Protase. Hatujawahi kugombana. Kila mwaka yeye huchuma, mama hula, nami hupata debe la maharage na shukrani.

Leo Protase aliniamkia akiwa amesimama mbali, kama mtu anayemsalimia ng'ombe asiyemjua tabia.

Alhamisi, 6 Juni

Kahawa imeiva upande wa juu. Wachumaji wanaimba. Sikutoka.

Mama ameniletea maji ya baraka kutoka parokiani, akaninyunyizia bila kusema. Mama Kokubanza si mtu wa maneno. Nadhani ananionea aibu. Mwanawe msomi amelala mchana kweupe, na wachumaji wanapita dirishani.

Jumatatu, 10 Juni

Kichefuchefu. Daktari alikwishasema. Eufrazia amepiga simu kuuliza kama nimemeza.

Jumamosi, 15 Juni

Ukoo umekaa leo. Sikujua kama kuna kikao mpaka jana jioni Eufrazia alipofika kutoka Bukoba. Asubuhi alinipiga pasi suruali, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Ildefons, wakikuuliza habari za kibanja, kubali wanavyosema. Ni mzigo ule. Utakuua. Pona kwanza."

Nikashika mkono wake nikamshukuru.

Walikaa sebuleni. Baba mdogo Aroni, mdogo wake Tata aliyebaki, ndiye aliyeongoza. Protase alisimama kofia mkononi.

"Waitu, wazee wangu, simchukii kaka yangu. Mnaniona nimemkaribisha. Lakini ugonjwa huu si wa kupumzika tu. Wamempiga picha ya kichwa. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi, imesinyaa. Dawa haziwezi kumsaidia mtu wa namna hiyo. Kibanja kitasimamiwaje na mtu ambaye ubongo wake unasinyaa?"

Watu wakaguna. Mtu mmoja alinitazama kichwani, juu ya masikio, kama vile pangeonekana shimo. Nilishangaa kidogo jinsi Protase alivyolitamka vizuri lile neno. Kisha mshangao wenyewe ukazama, kama kila kitu kinavyozama.

Mama aliinuka akatoka kwenda jikoni. Hakurudi. Niliona ameshindwa kukaa na aibu.

"Sospeter," akasema Baba mdogo Aroni, "unasemaje?"

Nilikuwa nimechoka na zile sauti tu. Nikasema, "Sawa."

Basi Protase sasa ndiye omusika. Wakanipa mkono. Eufrazia alinirudisha chumbani akanifunika shuka, akasema, "Umefanya vizuri."

Jumapili, 16 Juni

Nimeshinda nimelala.

Ijumaa, 21 Juni

Nimelala.

Jumamosi, 29 Juni

Protase amepata mnunuzi wa kipande cha kando ya barabara. Mtu wa mjini, anataka kujenga fremu za maduka. Mama alimfuata Protase uani wakasemezana kwa Kihaya, sauti ya chini, kwa muda mrefu. Sikusikiliza.

Jumanne, 2 Julai

Wanakata mibuni ya Tata kando ya barabara. Nasikia panga. Mti ukianguka, matawi yanatoa sauti kama mtu anayevuta blanketi. Nikageukia ukutani.

Alhamisi, 4 Julai. Bukoba

Kwa Daktari Annastella. Aliniuliza maswali yaleyale na nikampa majibu yaleyale. Usingizi hakuna, chakula hakina ladha, naona ingekuwa nafuu kwa wote nisingekuwepo. Nilipofika hapo Daktari alisogeza kiti.

"Umefikiria namna ya kujiua?"

"Hapana. Hata hiyo inahitaji nguvu."

Eufrazia akasema, "Si ulituambia, daktari? Wenye picha kama yake hawaponi."

"Sikusema hivyo, mama." Alijibu polepole, bila hasira. "Nilisema dawa zinaweza kushindwa. Hii ya kwanza imeshindwa. Sasa tunabadilisha."

Niache ya kwanza, nikae kidogo mwili uisahau, kisha nianze amitriptilini, kidonge cha jioni. Kinywa kitakauka na nitasinzia. Nisikae peke yangu. Tulipokuwa tunaondoka Daktari alinipa mkono, akaushika kwa muda. Eufrazia alikuwa ameshatoka.

Jumatatu, 15 Julai. Buganguzi

Nimeanza dawa mpya. Mama ndiye anayenipa, na maji ya vuguvugu. Anasubiri mpaka nimeze.

Alhamisi, 18 Julai

Nimelala usiku kucha. Nimeamka kinywa kimekauka kama kitambaa.

Jumatano, 24 Julai

Nimelala tena. Siwezi kusema zaidi ya hilo, lakini ni kitu.

Jumamosi, 3 Agosti

Mchana mama alipika ndizi na maharage. Nilikula nikaacha, kisha nikagundua kwamba chumvi ilikuwa imezidi. Nikamwambia, "Mama, umezidisha chumvi."

Alibaki ameshika mwiko. "Unaisikia?"

"Naisikia."

Akageuka haraka, akaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeoga bila kuambiwa. Nimetembea mpaka barabarani. Pale palipokuwa na mibuni pana visiki na nguzo za zege zimesimama. Juzi juzi nilisikia panga nikageukia ukutani. Leo nilikaa juu ya kisiki kimoja. Mibuni hiyo Tata aliipanda mwaka niliopata kipaimara. Mimi nilikuwa nabeba miche.

Nilikuwa nimeusahau uchungu. Si huu ugonjwa, maana ugonjwa hauna ladha yoyote. Nasema uchungu wenyewe.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Siku ya wakulima, nasi tulifanya kazi. Nilikuwa nageuza kahawa ya maganda juu ya turubai, jua kali, mama akipepeta pembeni. Sikuwa nawaza chochote. Neno likaja lenyewe: hipokampasi.

Protase aliishia darasa la saba. Sisemi kwa kumdharau, ana akili kuliko mimi kwa mambo mengi. Lakini neno lile halisemwi kilabuni wala parokiani. Mimi sikumwambia mtu. Daktari hawezi. Chumbani tulikuwa watatu.

Niliacha reki palepale. Mama akauliza, "Nini?"

"Mama, siku ile ya kikao, ulijua watasema nini?"

"Protase alinijia kabla. Alisema mkeo amekubali. Nikamwambia, kama mkewe amekubali, mimi sikubali. Akasema mama hana sauti kwenye mambo ya ukoo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mara mbili nilikaa pale kitandani nikakuambia. Ulinitazama, ukasema 'sawa'."

Sikumbuki hata mara moja.

Jumamosi, 10 Agosti. Hamugembe

Niliteremka kwenye bodaboda saa nne asubuhi. Eufrazia alikuwa anamenya ndizi barazani nyuma. Aliponiona nimesimama wima, nimenyoa ndevu, uso wake uling'aa, kisha nikaona hofu inapita juu ya ule mng'ao. Niliviona vyote viwili. Miezi mitatu iliyopita nisingeona hata kimoja.

"Baba Ildefons! Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Mama Ildefons, Protase alilijua wapi lile neno?"

"Neno gani?"

"Hipokampasi."

Kisu kiliendelea kumenya. Alimaliza ile ndizi, akaitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine.

"Nilimwambia mimi."

Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Ukweli ukanikuta mikono mitupu.

"Lini?"

"Siku ileile. Nilikuacha dukani nikasema naenda kununua sabuni. Nilimpigia simu nikiwa nyuma ya msikiti."

"Siku ileile."

"Ulitaka nifanye nini?" Sasa alitupa kisu kwenye beseni. "Nilisikia kwa masikio yangu, ubongo wako mdogo, dawa zitashindwa. Nikatazama ulivyokaa kwenye kile kiti, macho kama ya mtu wa kuchorwa. Nikajiona tayari ni mjane, mjane mwenye mume. Na unawajua watu wa kwenu. Ukifa, mimi na mtoto tunapewa nini? Protase aliniahidi kwamba akiwa yeye ndiye mrithi, kipande cha juu kitaandikwa jina la Ildefons. Nikaona heri hicho kuliko kukosa chote."

"Daktari alisema pia kwamba picha haiwezi kunitabiria. Alisema wengi wamepona."

"Nililisikia hilo."

"Kwa hiyo?"

"Sikuliamini." Alianza kulia. "Nilikuwa nakuogesha, nakulisha, naomba rozari kila siku, na sikuamini. Ungekuwa wewe ungeamini?"

Nilimwacha na ndizi zake nikaingia ndani. Nimekaa hapa mezani pa mwanetu Ildefons, aliye shule ya bweni na hajui lolote, nikiandika. Nimekuwa nikijaribu kuamua kipi kinaniuma zaidi. Kibanja naweza kukipigania. Lakini asubuhi ile ya kikao aliniambia "pona kwanza", nikamshika mkono, nikamshukuru. Na aliponifunika shuka akasema nimefanya vizuri. Kila nikilifikia lile shuka nasimama.

Dawa imefanya kazi. Nina hasira mpaka vidole vinauma.

Jumapili, 11 Agosti

Tumekwenda misa pamoja. Tumerudi pamoja. Yeye mbele, mimi nyuma.

Jumatano, 14 Agosti. Buganguzi

Nimemwendea Baba mdogo Aroni nyumbani kwake. Nilimwomba aitishe ukoo tena. Aliniangalia kwa makini, akanipa kahawa ya kutafuna, akasubiri nitafune. "Mwezi wa sita hukuwa huyu," akasema. Atawaita.

Protase amesikia. Jioni alipita karibu yangu uani bila salamu.

Jumamosi, 24 Agosti

Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Eufrazia alikuja na gari la asubuhi. Sikumwita. Alikaa upande wa wanawake, karibu na mlango.

Protase ndiye aliyeanza. "Mambo haya tulimaliza. Yeye mwenyewe alisema sawa, mbele yenu nyote."

"Mlimwuliza mgonjwa," nikasema. "Leo niulizeni mimi."

"Na picha, kaka? Imebadilika?"

"Sijapigwa nyingine. Pengine iko vilevile. Picha ile haikujua kama nitapona au sitapona, na aliyeipiga alisema hivyo. Wewe ndiye uliyeifanya ijue."

Kukawa na minong'ono. Protase akageuka kuwakabili wazee. "Nimelima hapa tangu Tata yuko hai. Yeye yuko Bukoba na chaki. Hata asingeugua, ni haki hiyo?"

Nakiri hilo lilinigusa. Kama angelisema hivyo mwezi wa tano, uso kwa uso, tungegawana. Nikamwambia. Aliinamisha kichwa, lakini kwa muda mfupi tu.

Ndipo mama akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kikaoni. "Kichwa hicho nilikishika mimi kabla ya mashine yoyote. Mwezi ule nilitoka humu ili asije mtu akasema Kokubanza alikuwepo mkimrithi mwanawe akiwa hai."

Mimi nilikuwa nimeandika kwamba alinionea aibu.

Protase akasema, "Basi mwulizeni mkewe. Yeye ndiye aliyelala naye nyumba moja. Mwulizeni kama sikusema kweli."

Eufrazia aliinuka akishika kanga yake kifuani. "Neno lile nililipeleka mimi kwa Protase," akasema. "Lakini nilipeleka nusu. Daktari alisema anaweza kupona. Nusu hiyo sikuisema. Nilikosea. Mume wangu huyu hapa, ni mzima."

Nilisubiri nifurahi. Alikuwa amejiaibisha mbele ya ukoo wangu wote kwa ajili yangu, na alisema kweli tupu. Nilimtazama akiketi, shangazi mmoja akisogea kidogo ili asiguswe na kanga yake, nikaona nataka kwenda kukaa karibu naye, na nikaona siwezi.

Wazee waliamua. Mrithi ni mimi. Protase ataendelea kukaa na kulima, lakini hauzi chochote. Kipande cha barabarani mnunuzi ana hati zenye sahihi za kijiji. Baba mdogo Aroni alisema hilo ni la baraza la ardhi na nisitegemee. Protase aliondoka kabla ya chakula.

Jioni Eufrazia alinijia na mkoba wake begani. "Twende nyumbani, Baba Ildefons."

"Tangulia," nikasema.

Jumanne, 27 Agosti

Gunia la mwisho la kahawa limekwenda chama cha msingi cha ushirika. Mama amefagia uwanja.

Jumapili, 1 Septemba. Hamugembe

Nimerudi, maana kesho ni shule. Nimetandika kitanda cha Ildefons. Eufrazia aliniona nikitandika, akaniletea mto.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Eufrazia alisema atafunga duka anisindikize, kama kawaida. Sikumkataza. Tulipofika mlangoni kwa Daktari Annastella, na jina langu likaitwa, alisimama nami. Nikamwambia, "Kaa hapa."

Alikaa.

Daktari alitazama nyuma yangu. "Mama yuko wapi leo?"

"Yuko nje."

"Asiingie?"

"Asiingie."

Akaanza maswali yake. Nalala. Nakula. Nimeanza kufundisha, nachoka mapema lakini napenda kelele zao. Sitamani tena kutokuwepo.

"Na huzuni?"

"Ipo. Lakini hii najua imetoka wapi."

Nikamsimulia, kwa kifupi. Aliweka kalamu chini. Alisema nisiache dawa kwa kuwa nimepona, niendelee mwaka mzima. Kisha akasema, "Hiyo nyingine si ugonjwa, Mwalimu. Umeumizwa na mtu. Sina kidonge chake, na nisingekupa hata kama ningekuwa nacho."

Nilipotoka, Eufrazia alikuwa bado pale koridoni, mkoba mapajani, magoti yamebanana. Alisimama upesi. Alinitazama usoni kama anayetafuta kitu cha kusoma.

"Amesemaje?"

Kwa miaka kumi na saba, chochote nilichoambiwa mahali popote nimekuwa nikimpelekea yeye wa kwanza. Mdomo ulikwishafunguka kwa mazoea.

"Twende," nikasema. "Mvua inakuja."